Kikasha si orodha ya kazi

Wenzangu wa nyumba za wageni, Lamu mjini hata Shela, kaskazi ndiyo hiyo na maombi ya vyumba yanamiminika. Msiiache barua pepe iliyosomwa ikae kikashani (Inbox) eti "nitaikumbuka". Ikishafunguliwa haina tena herufi nzito za kuonyesha haijasomwa. Inazama chini ya risiti na matangazo, na mgeni keshapata pengine.

Kwenye Gmail tengeneza lebo tatu tu: Jibu, Nasubiri, Malipo. Kumi na tano za nini? Jibu la dakika mbili litoe papo hapo. Barua nyingine itie lebo, iondoe kikashani bila kuifuta. Mgeni akiahidi amana Ijumaa, bonyeza Ahirisha, chagua Jumamosi asubuhi: barua itarudi juu yenyewe. Ila Nasubiri isipokaguliwa kila siku, ni kaburi.

Halafu hizo picha na video za jahazi! GB 15 za bure za Gmail ni za pamoja na Google Drive na Google Photos. Zikijaa, barua mpya haziingii. Andika larger:10M pale pa kutafutia, futa usizohitaji, kisha mwaga na Tupio, maana humo hukaa siku 30 zikiendelea kula nafasi.