Damu Isiyoganda

Ile cherehani ya Mjomba ilikuwa ya miguu, chuma kitupu, na mimi ndiye niliyemwomba tuiingize ndani. Ilikuwa Aprili 2019, Majengo, Pumwani. Mvua ilikuwa imeanza kurusha matone barazani. Akainua upande wake, nami wangu, tukavuka kizingiti. Alisimama kidogo, mkono kiunoni, kisha akarudi kwenye kanzu aliyokuwa akiipinda.

Saa nne usiku akaniita. Nilimkuta amejikunja kitandani, jasho baridi likimtiririka, tumbo limekaza kama ngoma. "Mpwa wangu," akasema, "kuna kitu kimekatika ndani."

Kwa miezi kadhaa alikuwa akilalamika maumivu chini ya mbavu za kulia. Kituo kimoja cha afya kilimpa dawa za vidonda vya tumbo, naye akazimeza bila kukosa siku. Mkanda wake wa suruali alikuwa ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Sote tuliyaona yale matundu, na hakuna aliyeuliza.

Hospitalini presha ilikuwa chini mno. Wakamtundikia dripu mikono yote miwili, wakaagiza damu, na sisi vijana tukaambiwa tujiandae kutoa ya kurudishia. Ultrasaundi ikaonyesha tumbo limejaa maji. Daktari akachoma sindano ubavuni, akavuta, na kilichopanda hakikuwa maji: ilikuwa damu nyeusinyeusi. Akaitia kwenye kichupa, akakiweka mezani. Kila akipita alikuwa akikiinamisha, na kila mara damu ilitiririka vilevile. Aliniona nikikitazama. "Ningekuwa nimechoma mshipa, ingeshaganda," akaniambia. "Damu iliyomwagikia tumboni haigandi."

CT skani ikamaliza ubishi: saratani ya ini, uvimbe mkubwa kama chungwa ukingoni mwa ini, na umepasuka.

Nikamwuliza daktari lile lililokuwa likinikaba koo: ni cherehani? Akavuta kiti. Uvimbe wa aina hii, alisema, hukua haraka kuliko damu inayoulisha, kwa hiyo katikati huanza kufa na kuvuja damu. Ukiwa umeziba pia mishipa inayotoa damu, shinikizo hupanda ndani yake. Na wa Mjomba ulikuwa umekaa juujuu, umefunikwa na utando mwembamba tu. "Kukohoa kungetosha. Kujigeuza kitandani kungetosha. Wengine hupasukiwa wakiwa wamelala." Hakusema kwamba cherehani haikuhusika, nami namshukuru kwa kutonidanganya.

Upasuaji wa kuukata uvimbe usiku ule ungemuua, maana ini lenyewe lilikuwa limejaa makovu na hata damu yake ilikuwa ikichelewa kuganda. Wakaenda kwa njia ya mshipa. Walipitisha mrija mwembamba kinenani, wakaupandisha hadi kwenye ateri ya ini, wakauziba mkondo unaolisha uvimbe kwa vipande vya sponji ya jelatini. Nikauliza, je, ini lenyewe halitakufa? Akaeleza kwamba ini hupata damu yake nyingi, kama robo tatu, kutoka mshipa mkubwa unaotoka matumboni, ilhali saratani hunyonya kwenye ateri. Ndiyo maana unaweza kuiziba saratani na ini likabaki hai. Sijawahi kusikia jambo la mwilini likaniingia hivyo.

Damu ikakoma. Mjomba akarudi nyumbani, akaishi miezi saba. Upasuaji aliotumaini kufanyiwa baadaye haukuwezekana. Saratani ilikuwa imeshasambaa tumboni. Cherehani hakuigusa tena, ila alitaka ikae mahali anapoiona.

Vipimo vilionyesha virusi vya homa ya ini aina ya B, vinavyoweza kuleta saratani ya ini, ambavyo pengine aliishi navyo tangu utotoni bila kujua. Watoto wa Kenya walianza kuchanjwa dhidi yavyo mwaka 2001. Yeye alikuwa mtu mzima siku nyingi. Tukapimwa ukoo mzima. Mimi sikuwa navyo, nikachomwa sindano zangu tatu. Mama, dadake Mjomba, alikuwa navyo.

Sasa kila baada ya miezi sita nampeleka ultrasaundi. Hulalamika kwamba ile jeli ni baridi. Mimi humshikia mkoba na buibui lake, nikitazama uso wa anayepima, si kioo cha mashine, mpaka aseme, "Mama, inuka, unaweza kujifuta."