Siku moja maishani mwangu: nafuata "vile vitu" Ngamiani

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Adhana inanikuta natoa barafu kwenye friza na kuipanga ndani ya boksi la bluu. Wanangu wanalijua hilo boksi: halitiwi maji ya kunywa, na jikoni haliingii. Mimi ni muuguzi, na siku hizi kazi yangu ni kukusanya choo cha watu wenye kisukari, kwa utafiti wa bakteria wa tumboni na TB. Majirani wanajua nafanya "mambo ya maabara", nami nawaacha hapo hapo.

Saa kumi na mbili na robo. Baiskeli mpaka Ngamiani, hapa Tanga. Barabara za huku zina namba, kwa hiyo hata giza halijaisha hupotei.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umefuata vile vitu?"

Vile vitu. Wengine husema mzigo. Neno lenyewe hakuna anayelitaja. Kopo kalifunga kwa gazeti, juu yake kipande cha kanga kuukuu, utadhani ananikabidhi halua. Nafungua: kijiko cha kwenye mfuniko kimetumika, kopo halikujazwa pomoni (wengi hujaza wakidhani ndio ukarimu), saa imeandikwa na mjukuu. Kazi safi kabisa.

Ndipo nauliza maswali yangu. Metfomini, ile ya sukari, unakunywa? Asubuhi na jioni. Kuna dawa nyingine yoyote ya dukani?

"Hakuna, mwanangu. Ila vile vyekundu na njano, vya jino. Juma lililopita."

Amoksilini. Nimesimama uani na kopo mkononi, bado la vuguvugu. Antibayotiki ikiingia kutafuta bakteria wa jino inawapitia na wa tumboni, na kopo hili sasa linaonyesha tumbo baada ya gharika. Bibi simlaumu. Namlaumu anayepima vidonge vinne vinne kwenye kikaratasi bila kuuliza hata umri. Tumepanga nirudi baada ya miezi mitatu, na kanipa chai ya mchaichai, nadhani kwa kunihurumia.

Saa mbili. Kliniki ya sukari. Mabenchi yamejaa, mashine ya presha moja, foleni mbili. Tusonge mbele.

Saa tatu na nusu. Damu. Kila mmoja namtoa chupa nne ndogo, mililita moja moja. Ya mfuniko wa kijivu ndani haina kitu cha kuchokoza seli. Ya kijani na ya njano zina vipande vya protini za mdudu wa TB. Ya zambarau ina kichocheo cha kuhakikisha seli za huyu mtu zina uwezo wa kuitika. Kila chupa naitikisa mara kumi, na naangalia damu ipake ukuta wote wa ndani, kwa sababu protini zimekaushiwa pale pale ukutani. Seli zilizowahi kukutana na TB zitamtambua mdudu na kuachia gamma-intaferoni, kemikali ya kinga, nayo ndiyo tunayoipima. Kipimo cha sindano ya ngozi kinaweza kuchanganywa na chanjo ya TB ya utotoni, BCG. Hiki hakichanganywi nayo.

Saa tano. Mzee mmoja, fundi baiskeli, kafuata majibu. Sukari anayo miaka sita. Chupa zake za TB zimeitika.

"Hapo ndipo mnaponichosha. Kikohozi sina, na eksirei mlisema safi. TB ya wapi?"

Namwambia mdudu amelala, mzee wangu. Karibu robo ya watu wote duniani wanaye mdudu huyu, na katika watu mia walio naye, kati ya watano na kumi ndio huja kuugua. Ila sukari inaongeza hatari hiyo mara mbili hadi tatu, ndiyo maana daktari anataka kuzungumza nawe kuhusu dawa za kinga, na uje na vidonge vyako vyote, maana rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kinga, hupunguza nguvu za baadhi ya dawa za sukari.

Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha: "Niandikie kwamba siambukizi. Mke wangu kashanitengea sahani."

Nimeandika. Nimegonga na muhuri. Kaikunja karatasi mara nne na kuitia mfuko wa shati, nyuma ya spana.

Saa nane. Maabara. Friza ya nyuzi themanini chini ya sifuri ukiifungua inatoa moshi, na vidole vinakufa ganzi hata kwenye glovu. Kijana wa mafunzo kwa vitendo ananiuliza: "Dada, choo na mapafu wapi na wapi?"

Swali zuri, nimelikalia. Bakteria wa utumbo mpana wakichachusha nyuzinyuzi, za kunde tuseme au kisamvu, wanatoa asidi ndogo ndogo, mojawapo butireti. Zinaingia kwenye damu na kuzungumza na seli za kinga. Panya wa maabara waliovurugwa tumbo kwa antibayotiki, walipoambukizwa TB, mapafu yao yalibeba wadudu wengi zaidi. Lakini butireti hiyo hiyo, ikitiwa kwenye seli za kinga za binadamu, inapoza makali yao mbele ya mdudu wa TB.

"Kwa hiyo ni mbaya?"

"Mbaya kwa nani? Ukuta wa utumbo wako unaila kila siku."

Halafu kuna metfomini. Nayo hubadilisha bakteria wa tumboni, tena sana. Usipouliza nani anaikunywa, utakuja kuusingizia ugonjwa kazi iliyofanywa na kidonge. Nilimpa mfano wa bibi na jino lake. Kacheka, lakini nimeona kaandika.

Saa tisa. Chupa zote ndani ya inkubeta, nyuzi 37. Zitakaa saa 16 mpaka 24, kwa hiyo kesho kabla ya saa tisa lazima niwe nimezitoa.

Saa moja usiku. Nakaanga samaki, simu inaita. Namba siijui. Mke wa fundi. Kanisomea karatasi yote, mpaka tarehe ya kwenye muhuri, kisha kanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo dada, ile sahani niirudishe kabatini?"

"Irudishe, mama."

"Na kikombe?"



"Na kikombe."