Lifti ya watoto wa jirani, na viti vitatu vya kikoba

Kwa miaka minne gari langu lilikuwa la mtaa mzima. Tunaishi Goba, ndani kidogo, ambako mvua ikinyesha bajaji hazitaki kuingia. Mimi nina IST ya mwaka 2004, na inaingia kila mahali. Asubuhi nilikuwa natoka na wanangu wawili, kona ya kwanza namkuta mama na mtoto mgongoni, kona ya pili watoto wa shule na mabegi yao. Pandeni, pandeni. Siku nyingine nyuma walikuwa sita, mdogo kakaa juu ya mkubwa. Hakuna aliyeona ajabu, nami nikiwemo.

Jumatano moja ya mwezi wa nne jirani yangu wa geti la bluu alikuwa anampeleka binti yake wa miezi minane kliniki. Nikamkaribisha mbele. Akampakata mtoto, akavuta mkanda, akaupitisha mbele ya mtoto, wakafungwa wote wawili kwa mkanda mmoja. Nilimwona na nikafurahi kwamba angalau kafunga. Tulipokuwa tunashuka kuelekea Tangi Bovu, bodaboda ikachomoka pembeni na kukatisha mbele yangu. Nikakanyaga breki. Mwendo wangu haukuzidi kilomita 30 kwa saa, na hatukugonga kitu. Lakini mama alisukumwa mbele, mtoto akateleza chini ya mkanda, mdomo wake ukapiga dashibodi. Nakumbuka kile kimya kifupi mtoto anapovuta pumzi kabla ya kulia. Kisha damu, kwenye khanga na kwenye vidole vya mama yake. Mdomo wa juu ulichanika, ukashonwa nyuzi mbili.

Mama yake hakunilaumu. "Ni yule bodaboda, dada, wewe umefanya nini?" Aliyarudia maneno hayo mara tatu tukiwa kwenye benchi la zahanati. Mimi nilijua nilichofanya. Gari ni langu, usukani nilishika mimi, na aliyesema karibuni ni mimi.

Usiku ule nilimpigia dada yangu anayeishi Uingereza. Huko mtoto hukaa kwenye kiti chake cha gari mpaka atimize miaka 12 au afikishe urefu wa sentimita 135, kitakachotangulia. Alinieleza pia jambo ambalo sikuwa nimewahi kulipigia hesabu. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 8 anakuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 200. Magunia mawili ya mahindi. Hakuna mikono ya mama inayozuia magunia mawili ya mahindi, hata mama huyo awe na mapenzi kiasi gani. Na wakifungwa mkanda mmoja, mwili wa mama ndio unaomkandamiza mtoto kwenye mkanda.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuacha kabisa kutoa lifti. Niliacha wiki mbili. Halafu asubuhi moja nikampita jirani huyohuyo wa geti la bluu njiani: yuko juu ya bodaboda, mtoto katikati, yeye nyuma, kiatu kimoja kinaburuza tope. Nilishika usukani machozi yananitoka. Nikimkatalia mtu gari langu, hakai nyumbani. Anapanda mshikaki. Hilo ndilo linalofanya jambo hili kuwa gumu kwetu, na naona wanaosema tu "usimbebe mtoto asiye na kiti" hawajawahi kuishi mahali ambapo kilichobaki baada ya wewe ni pikipiki. Ilinipasa kuwa na viti, siyo kuwa na jibu la hapana.

Sisi wanawake wa mtaa tuna kikoba, tuko kumi na sita, na kikoba chetu kina mfuko wa jamii wa misiba na wagonjwa. Niliomba nafasi kwenye kikao, nikasimama na jirani yangu, naye akamgeuza mtoto waone mdomo. Sikuhitaji kuhutubia. Wengine walisema ni mambo ya Wazungu, mmoja akauliza kwani sisi tulikuaje. Lakini mweka hazina, mama mtu mzima ambaye hucheka kwa nadra, alisema, "Tunatoa hela za jeneza bila kubishana. Za kiti tunabishana nini?" Kikaisha hapo. Tulipata shilingi 270,000.

Tulinunua viti vitatu vya mtumba. Hapa nilikuwa mkali, maana kiti cha mtumba kinaweza kuwa kimeshapata ajali na usione kwa macho. Niligeuza kila kimoja juu chini. Nilitafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, yaani alama kwamba kiti kimeidhinishwa, na uzito wa mtoto anayefaa, nikasoma tarehe iliyopigwa chapa kwenye plastiki ya chini, nikavuta kila mkanda na kukagua nyufa. Muuzaji alichoka nami. Viti viwili vizuri kwa nje nilivikataa, kimoja kwa sababu lebo ilikuwa imebanduliwa. Tulichukua cha kilo 0 hadi 13, ambacho mtoto anatazama nyuma ya gari, kingine cha kilo 9 hadi 18, na kimoja chenye mgongo wa kuegemea cha kilo 15 hadi 36.

Kufunga ndiko kulikonifundisha gari langu. Mikanda ya nyuma ilikuwa imezama chini ya makava ya siti tangu nilinunue. Nilitoboa makava kwa mkasi, nikapata vifungio vimejaa vumbi na ganda la karanga. Nikagundua kwamba ule wa katikati ni wa kiunoni tu, haupiti begani, kwa hiyo hapo sikalishi mtoto, anakaa mtu mzima. Mikanda ya pembeni ukiivuta mpaka mwisho kabisa kisha ukaiachia, inarudi kwa mlio wa tik-tik-tik na haitoki tena. Hapo unapanda goti juu ya kiti, unakandamiza kwa uzito wako wote, unavuta. Kiti kikicheza ukikitikisa kwa mkono, bado. Na mbele siweki kabisa kile cha kutazama nyuma, kwa sababu kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwa nguvu gari likigonga, na gari langu halina swichi ya kuizima.

Hesabu ikaniambia ukweli mwingine: watoto nyuma ni wawili tu. Wawili! Mimi niliyekuwa nabeba sita. Kwa hiyo asubuhi naenda safari mbili. Natoka saa kumi na moja na nusu badala ya kumi na mbili na robo, na wazazi wanachanga mafuta kila Ijumaa. Kwenye ukuta wa uzio wangu, pale gari linapolala, nilichora mstari wa rangi nyeupe kwenye sentimita 135. Mtoto asiyefika mstari anahitaji kiti. Ule mstari umeniokoa na maneno mengi, maana mzazi habishani nami tena, anabishana na ukuta.

Nilijifunza pia kusema mapema. Kumwambia mtu "mwanao hapandi bila kiti" wakati kashashika mlango ni kumdhalilisha. Siku hizi naambiwa jioni iliyotangulia: mtoto gani, kilo ngapi, anakwenda wapi. Na viti havilali kwangu tu, vinamfuata mtoto. Akipanda gari la mjomba wake au teksi ya mtandaoni, mzazi anakuja kuchukua kiti, anaandika kwenye daftari, anarudisha.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa na bibi mmoja tulipokwenda kumtoa mkwewe hospitali na kichanga cha siku mbili. Nilimwamkia, nikamwonyesha kiti. Akanitazama. "Mwanangu, nimelea saba. Wote niliwapakata." Sikubishana na mama yule. Nilimwomba akae katikati, kwenye ule mkanda wa kiunoni, kiti kikiwa ubavuni kwake. Blanketi nene nililitoa kwanza, maana likiwa chini ya mikanda linaficha ulegevu. Nikafunga, nikajaribu kufinya mkunjo wa mkanda begani, vidole vikateleza, basi umekaza. Ndipo nikamwambia bibi afunike khanga juu. Njia nzima kiganja chake kilikuwa juu ya kifua cha mjukuu. Tulipofika hakusema kitu, ila aliniuliza kiti kile kinarudishwa lini.

Sijashinda kote. Kuna baba mmoja hapa mtaani hanisalimii tangu nilipomwambia watoto wake wanne siwezi kuwabeba kwa mara moja, nilimpa zamu mbili akakataa. Inaniuma, ni mtu niliyemheshimu. Na usiku mmoja mtoto wa miaka minne alishikwa na degedege, viti vilikuwa kwa jirani mwingine aliyesafiri. Nilimweka mama nyuma na mwanawe, nikawasha hazadi, nikaenda polepole mpaka hospitali. Sikusubiri kiti na singesubiri. Baada ya hapo tukakubaliana kimoja kisitoke mtaani usiku.

Trafiki hajawahi kuniuliza habari za viti hivi. Huinama dirishani, hutazama mkanda wangu na wa abiria wa mbele, huniruhusu.

Binti wa geti la bluu sasa ana miaka mitatu. Kovu lake ni uzi mwembamba juu ya mdomo, ukimtazama kwa karibu akiwa anacheka ndipo unaliona. Asubuhi nikifungua mlango anapanda mwenyewe, anageuka, anakaa, anaingiza mkono mmoja kwenye mkanda, halafu wa pili, kisha ananisubiri nifunge.