Amboni kwa baiskeli

Jamani, Tanga hii! Asubuhi nimetoa baiskeli yangu ya milimani, ile ya matairi ya meno, nikashika barabara ya Horohoro, kisha nikachepuka njia ya vumbi kuelekea Mapango ya Amboni. Kutoka mjini ni kama kilomita 8, mteremko na mlima vyote vidogo; hata aliyezoea bodaboda anafika bila kuhema. Karibu na mto Mkulumuzi miti imefunga juu, kibaridi kinakupiga shingoni, ngedere wanakutazama kama mgeni asiyealikwa. Nikashuka nikakaa tu. Mapangoni sikuingia, mawe ya chokaa yale hayakimbii. Kurudi nikapitia mihogo ya kukaanga, pilipili ya kutosha. Jumapili ijayo nani yupo? Maji kila mtu na yake.