Bendera ya njano pale Graham Hill

Nimefika nyumbani saa mbili usiku, suti ya ngozi nimeitundika bafuni bado inachuruzika maji, na mimi nimekaa hapa kwenye ngazi naandika kabla sijalala maana nikilala najua nusu ya hii siku itapotea. Leo nimefanya ile kozi ya mbio za pikipiki niliyoisubiri miaka mitatu. Nimepita. Nimepita jamani!

Kwa ambao hamjui, hapa Uingereza huamki tu na pikipiki yako ukaenda kushindana. Chama kinachosimamia mbio hizi, ACU, kipo tangu 1903 na kinataka kwanza ufanye kozi: unakaa darasani, unajibu mtihani wa sheria na bendera, afu unaingia kwenye njia ya mbio wakuangalie unavyoendesha. Ukipita ndo unaomba leseni ya wanaoanza, na hapo bado unavaa kizibao cha rangi ya machungwa ili walio nyuma wajue huyu ni mgeni, mpaka umalize mbio za kutosha, zikithibitishwa kwa saini 10.

Mimi nimefanyia uwanja wa mbio wa Brands Hatch, Kent, ile njia fupi wanayoiita Indy, kama kilomita 1.9 hivi kwa mzunguko mmoja. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri.

Pikipiki ni ile SV650 yangu ya mtumba, wengi wanaoanza huku wanaanza na hiyo. Wiki mbili nimeshinda nayo gereji: nimetoa taa, nimetoa stendi, nati ya kumwagia oili nimeifunga na waya isije ikajifungua yenyewe, chini nimefunga kava la kudaka oili injini ikipasuka. Kwenye rejeta ni maji matupu, kuulanti ya dukani hairuhusiwi kabisa kwasababu ikimwagika lami inakuwa kama imepakwa sabuni. Nilipokuwa nafunga zile waya ndo ikaniingia kwamba karibu kila kitu wanachokagua si kwa ajili yangu mimi, ni kwa ajili ya yule anayekuja nyuma yangu. Hilo wazo sikuachana nalo siku nzima.

Darasani mwalimu ni mzee wa makamo ya baba yangu, sauti ya chini, haharakishi. Alitumia muda mrefu sana kwenye bendera. Njano yenye mistari myekundu, lami ina utelezi. Nyeusi pamoja na namba yako, unaitwa urudi piti, kule pikipiki zinakohudumiwa. Nyeusi yenye duara la rangi ya machungwa katikati, pikipiki yako ina tatizo, ondoka kwenye njia sasa hivi usije ukawamwagia wenzako oili. Afu akafika kwenye ya njano tupu inayopepewa. Akasimama. Akasema hii maana yake kuna mtu yuko chini, au kuna watu wako kwenye njia wanamsaidia, hupiti mwenzako, hata kama aliye mbele yako anatembea kama mgonjwa, mpaka uione ya kijani. Mtihani nilikosa swali moja tu.

Kipindi cha kwanza njiani niliendesha kama ninavyojua. Mimi nimeendesha bodaboda Morogoro miaka minne, mvua naijua, matope nayajua, sikuwa na wasiwasi na mashine. Ila kona ya Paddock Hill Bend ni kitu kingine, unaingia kulia huoni unakoenda afu ardhi inaporomoka chini yako, tumbo linapanda kifuani, na ukitoka hapo unapandishwa mpaka kona ya Druids. Nilirudi piti nacheka peke yangu ndani ya helmeti. Mwalimu akanifuata, sikuulizwa habari za kona wala breki, akaniuliza umeona vituo vingapi vya wapepea bendera? Nikanyamaza. Nilikuwa nimekodolea tairi la aliye mbele yangu mizunguko yote. Akasema basi kipindi kijacho punguza kidogo, vitafute vyote, ukirudi unitajie.

Kipindi cha pili nikavitafuta kweli. Na ukiinua macho kutafuta wale watu unajikuta unaona kona mapema, hata mikono inalegea, kuendesha kunakuwa kwepesi. Mzunguko wa nne au wa tano, nateremka kutoka Druids kwenda kona ya Graham Hill Bend, njano inapepewa. Nikakata mafuta. Kijana mmoja alikuwa amelala kwenye kokoto, pikipiki kule, yeye huku, na watu wawili wa nguo za machungwa wanamkimbilia. Wale ni wa kujitolea, hawalipwi mshahara, wamesimama kwenye mvua tangu asubuhi. Na sisi wote, watu waliokuja kutafuta kasi, tukapita pale kwa mstari mmoja, polepole, hakuna aliyempita mwenzake.

Hapo machozi yalinitoka, sitaficha.

2014 mshikaji wangu wa kijiweni aliteleza barabara ya Dodoma, mbele kidogo ya Kihonda, mvua kama hii ya leo. Kuanguka hakukumuumiza, alikaa kitako akawa anatikisa mkono. Mimi nilikuwa nyuma na abiria. Nikasimamisha, nikavua rifleksa yangu nikakimbilia nyuma nikawa naipepea kwa nguvu zote, magari yananipigia honi na kunikwepa, la kwanza, la pili, la tatu likamkuta palepale alipokaa. Mguu wa kushoto ulikatwa juu ya goti. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kama niliipepea vibaya.

Jioni kabla sijawasha gari kutoka pale Kent nikampigia, kwao ilikuwa saa mbili usiku, amefunga duka. Nikamwambia kaka nimepita, akashangilia mpaka mke wake akauliza kuna nini. Afu nikamweleza ile bendera. Akawa kimya, nikadhani salio limekata.

"Wanasimama wote?"

"Hawasimami kaka, wanapunguza. Na hakuna anayempita mwenzake."

"Hata mwenye haraka?"

"Hata mwenye haraka. Akipita anaadhibiwa."

Akakaa tena kimya. Nilimsikia anavuta kiti. Akaniuliza, na huyo kijana aliyeanguka, je?

Aliamka, nikamwambia. Walimshika mkono, akatembea kwa miguu yake mpaka nyuma ya uzio.