Beki mstaafu kwenye maikrofoni

Wadau, beki wenu mstaafu leo kakalishwa studio, hedifoni masikioni, anajaribiwa utangazaji wa mpira kwenye runinga.

Wakaniwekea mechi ya Taifa Stars yetu ya Tanzania na Zambia, AFCON, Januari 2024, sauti imezimwa. Msuva alipotupia dakika ya 11 nilipiga kelele mpaka fundi mitambo akavua hedifoni zake.

Shughuli ilikuwa dakika ya 88.
Zambia wako pungufu, kona ya Clatous Chama wao inashuka, na mimi najua fika mshambuliaji wao Daka anafunga. Mwili ukaruka wenyewe kwenda kuokoa! Goti likagonga meza, maji yakamwagikia karatasi ya majina ya wachezaji.

Goti bado linauma. Majibu wiki ijayo.

Haya semeni, mnataka mtangazaji wa mizuka au mtulivu?