Navyohesabu mashabiki uwanjani kabla sijatuma ripoti ya mechi

Ripoti zetu za mpira hapa Bongo utaambiwa nani kafunga, dakika ya ngapi, nani kala kadi, kocha kasema nini ("tunashukuru kwa pointi tatu", kila wiki hiyohiyo), ila watu wangapi walikuwepo uwanjani utatafuta mpaka uchoke. Utakuta "uwanja ulitapika" au "mashabiki walijitokeza kwa wingi", basi. Wingi wa 3,000 au wa 30,000? Mimi naripoti ligi na nilijiwekea kwamba kila ripoti yangu iwe na mstari mmoja wa idadi ya watu, na kama idadi haipatikani niseme jukwaa gani lilijaa na lipi lilikuwa tupu. Wadogo zangu kwenye fani wananiuliza naipataje, ngoja niwaeleze.

Kwanza tuelewane sio kitu kipya. Wakongwe mnakumbuka kipindi cha kina 2013 hivi, baada ya mechi kubwa TFF (shirikisho letu la mpira) ilikuwa inatoa taarifa kabisa, watazamaji kadhaa wamekata tiketi, zimepatikana shilingi kadhaa, VAT asilimia 18 hii hapa, kila timu imeondoka na hiki, uwanja umechukua hiki, mpaka gharama ya kuchapa tiketi unaijua. Sasa hivi tiketi ni za N-Card, yaani kadi ya kielektroniki, geti linasoma kadi moja moja, namba ipo tena ya uhakika kuliko enzi za vishina vya tiketi za karatasi, lakini kuipata mpaka uitafute kwa miguu yako.

Naitafuta hivi. Siongojei mechi iishe, ikiisha kila mtu ana haraka, hesabu za pesa zinafanyika na mwandishi anaonekana mbea tu. Nawahi, nasalimia watu wa getini, namtafuta msimamizi wa kituo au mtu wa uwanja, halafu namwambia afisa habari wa timu mwenyeji mapema kabisa kwamba kaka/dada dakika ya 60 nitakuja kukuuliza idadi. Swali langu lina pande mbili na hapa ndipo wengi wanachanganya, tiketi zilizouzwa ni ngapi, na walioingia ni wangapi, sio kitu kimoja hata kidogo. Uingereza kwenyewe ambako kila ripoti ina namba, klabu nyingi zinatangaza tiketi zilizouzwa, aliyenunua tiketi ya msimu akalala nyumbani kwake naye anahesabiwa, ndo maana mashabiki wa Arsenal walikuwa wanacheka wakisikia imetangazwa 60,000 wakati viti vyekundu pale Emirates wanaviona vitupu kwa macho. Kwahiyo nikipewa namba naandika na ilikotoka, "tiketi zilizouzwa kwa mujibu wa klabu", siandiki tu "mashabiki 14,000" nikaacha ielee.

Asiponipa nahesabu mwenyewe. Unatakiwa ujue uwanja unabeba watu wangapi kabla hujafungua mdomo, uwanja wa Mkapa ni 60,000, wa Azam kule Chamazi ni kama 10,000, sasa watu 9,000 Chamazi ni nyomi, walewale wapeleke kwa Mkapa utasema mechi imeahirishwa. Nachagua kipande kimoja cha jukwaa la mbele yangu kati ya ngazi na ngazi, nahesabu mistari, nahesabu viti vya mstari mmoja, nazidisha, halafu nakadiria vipande vingapi vimejaa, vingapi nusu, vingapi wamekaa wawili watatu na watoto. Haichukui hata dakika 5 ukizoea. Nafanya mara mbili, kama dakika ya 20 na tena mwanzo wa kipindi cha pili, maana mechi ya saa 10 jioni siku ya kazi watu wanaingia mpaka dakika ya 40, foleni ya Mbagala mnaijua. Mikoani viwanja vingine mashabiki wanakaa sakafuni hakuna viti, hapo nakuwa mpole zaidi nasema "makadirio yangu", na waliopanda miti na ukuta siwahesabu japo nawataja kwa sababu wanachekesha 😂

Ila kuna fungulia mbwa! Dakika za mwisho geti linaachiwa, watu wanamiminika, ghafla jukwaa linajaa na picha ya mwisho kwenye tv inaonyesha uwanja umefurika, mtu anakupigia mbona umeandika jukwaa lilikuwa tupu. Ndo maana nataja dakika niliyohesabu.

Ubishi mkubwa haukutoka kwa klabu, ulitoka ndani. Mhariri wangu alikuwa anaukata ule mstari kila mara, hoja yake ilikuwa msomaji anataka mpira, watu hawachezi. Nikamjibu hao hao ndo wanailisha timu. Ndio kuna hela za Azam za kuonyesha ligi kwenye tv, mkataba wa 2021 ni wa miaka 10 na zaidi ya shilingi bilioni 225, lakini timu ndogo ya mkoani hela ya mlangoni bado ina maana kubwa, msimu mzima inaingoja Simba na Yanga zije ndo ipate watu, mechi nyingine inacheza mbele ya wachezaji wa akiba na wauza karanga. Ukiandika matokeo tu bila kuonyesha hilo msomaji atashangaa mishahara inachelewa kwa nini wakati timu iko nafasi ya 6. Na watu kutokuja nayo ni stori, ni kiingilio, ni saa ya mechi, ni mvua, au wote wako kibanda umiza wanaangalia kwenye tv? Mhariri alianza kulegea nilipomletea kwa mtindo huo, mstari mmoja mwishoni, simulizi kama ipo inakaa peke yake.

Halafu kuna usalama jamani. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika tarehe 28/5/2023 Yanga na USM Alger ya Algeria, nje ya uwanja wa Mkapa watu walikanyagana, mtu mmoja akafariki na wengine wakaumia. CHAN ya 2025 (michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) pale Kasarani, Nairobi, CAF, shirikisho la mpira Afrika, iliwapunguzia Kenya mashabiki mpaka 27,000 kwa sababu ya vurugu za kuingia bila tiketi kwenye uwanja unaobeba kama 48,000. Hizo ni mechi ambazo idadi ndiyo habari yenyewe, sasa mwandishi ambaye hajawahi kuhesabu watu siku za kawaida ataanzia wapi siku hiyo?

Nisichofanya ni kuitumia kama fimbo. Mechi ya ligi ya wanawake imekuja na watu 200 siweki kwenye kichwa cha habari, naweka chini pale pale ninapoweka ya wanaume. Pamoja na hivyo matusi napata, nikiandika Simba hawakujaza naitwa utopolo (shabiki wa Yanga kwa kejeli), wiki ijayo nikiandika Yanga hawakujaza naitwa kolo (wa Simba), nishazoea, na nikiona natukanwa na pande zote ndani ya wiki moja nalala vizuri tu.

Maafisa habari nao tumezoeana. Kuna mmoja siku hizi ananitumia idadi mwenyewe wasapu kabla hata ya mapumziko, na picha juu, wakiwa wamejaza. Wasipojaza simu inaita mpaka inakatika, basi naanza kuhesabu ngazi.